Pale Katikati Pasipo na Mti

Jumapili iliyopita, tukitoka misa ya kwanza, mwanangu wa mwisho alinivuta mkono mbele ya kile kimsitu chetu akauliza ni nani ameichoma miti. Hakuna aliyeichoma. Ni Septemba, na Septemba ndipo miti ya mutondo na muputu hutoa majani mapya mekundu kama shaba inayotoka tanuruni, kabla hata tone moja la mvua halijaanguka. Nikamweleza. Akasikiliza nusu, ndivyo alivyo, kisha akajipenyeza kati ya mashina, akatokea upande wa pili, akarudi na majani kwenye nywele.

"Mama, na hapa katikati? Kwa nini hapana mti?"

Nikamwambia baba yake anangoja bukari, ugali wetu. Ndilo jibu lililopatikana.

Kile kiwanja mnakijua: mita kumi kwa kumi, nyuma ya ukuta wa shule, palipokuwa jaa la mtaa mzima. Mikutano, mabishano, ruhusa ya shefu wa karatie, yaani mkuu wa mtaa, siku tatu za kuokota viatu vibovu na mifuko ya plastiki, hayo nayaruka. Kijana wetu mmoja aliyesoma kilimo ndiye aliyetuletea habari za Akira Miyawaki, yule mtaalamu wa mimea wa Japani aliyefariki mwaka 2021. Unapanda miti ya asili ya mahali hapo tu, akasema, aina nyingi kwa pamoja, mirefu na mifupi na vichaka, miche mitatu au zaidi kwa kila mita ya mraba, bila mstari, ili igombanie jua. Unaipalilia na kuimwagilia miaka miwili au mitatu, kisha unatoa mkono wako. Mzee yule aliyapata mawazo hayo kwenye misitu midogo iliyoachwa bila kuguswa kuzunguka mahekalu ya Kishinto. Nkambo, yule mzee wetu wa kamati, aliposikia hivyo alitikisa kichwa: hata kwao, walipozikwa machifu hakuna aliyeingia na shoka.

Mimi kilichonishika ni kwamba miaka ya 1970 Miyawaki alianza kupanda kando ya viwanda vya chuma. Mtu wa Lubumbashi akisikia hivyo lazima ageuke kutazama bomba letu la moshi na ule mlima mweusi wa takataka za shaba. Upande ambao upepo uliupeleka moshi ule miaka na miaka, kuna ardhi ambayo hata nyasi huchagua pa kusimama.

Basi, miche 300. Nilikuwa mwandishi wa kamati, kwa hiyo daftari lilikuwa langu, na namba hizi si za kukisia.

Nkambo sikumtambulisha. Alikuwa mchoma makala, makaa haya ya kupikia. Maisha yake yote aliyamaliza upande wa Kipushi, akikata, akipanga magogo, akifunika tanuru kwa udongo, akilala kando yake ili lisipasuke. Baiskeli alizozipakia magunia zingeweza kujaza barabara. Wengine kwenye kamati walichekeana: mchoma makala kwenye kamati ya msitu! Lakini alikuwa ndiye pekee miongoni mwetu aliyeweza kutofautisha mti wa mulombwa na wa mukula kwa kukanyaga jani lake usiku. Ni yeye aliyetulazimisha kukodi gari dogo kwenda kuchota magunia ya udongo chini ya miti mizee, tuuchanganye kwenye mashimo. Kijana wa kilimo alituthibitishia baadaye kwamba ndivyo: mutondo na ndugu zake huishi na uyoga kwenye mizizi, na mche ukikosa uyoga huo hudumaa. Ni ukoo wa uyoga ule ule wa rangi ya chungwa tunaonunua kwa bamama barabarani wakati wa mvua. Nilikuwa nimeula miaka arobaini bila kujua kazi yake.

Tulipanda Desemba. Mbolea ya kuku, nyasi kavu juu yake, watoto wa shule wakibeba bidoni za maji. Hadi Aprili ilikuwa raha tupu. Mti wa mupundu ulifika kiunoni kwangu. Kuna mgeni aliyefika akapima na kusema msitu wa namna hii hukua mara kumi ya msitu wa kawaida, nami nikaliandika hilo kwenye daftari kwa wino mwekundu. Hata barua ya kuomba pesa niliyoituma nje iliibeba ile "mara kumi".

Mei mvua ikakata. Juni ikaja na baridi yake, ile ya kuwafanya watu wote wa Katuba waonekane wagonjwa asubuhi. Majani yakaanguka. Tuliendelea kumwagilia kadiri maji yalivyopatikana, na mnajua yanavyopatikana. Julai hadi vijiti vyenyewe vikaanza kukauka kutoka juu kushuka chini. Ukivunja ncha, inakatika kama njiti ya kiberiti. Mulombwa ndiyo iliyokuwa mibaya zaidi: yote, bila kubakiza hata mmoja, ilikuwa vijiti vya kijivu vilivyochomekwa ardhini.

Na wageni waliojibu barua yangu walikuwa wanafika mwanzoni mwa Agosti.

Nisingizie nini? Sikumwuliza mtu. Nilikuwa nimeona kwenye kitalu kimoja miche ya akasia, ile ya Australia, mibichi katikati ya Julai kana kwamba haijasikia kuwa kuna kiangazi. Nikapiga hesabu: nikiondoa iliyokufa pale katikati, mahali ambapo macho ya mgeni yanaangukia kwanza, nikaweka akasia, picha itapendeza. Kuhusu "miti ya asili tu", nani angejua? Siku hiyo niliamka kabla ya jua, nikachukua jembe na sururu, nikajifunga kitenge cha pili juu ya sweta.

Nakumbuka mikono ilivyouma kwa baridi. Nakumbuka vumbi jekundu lililolowa umande kidogo kwa juu na kuwa unga mkavu sentimita mbili chini. Mche wa kwanza nilivuta kwa mkono, kijiti kikabaki kiganjani, chini hakikutoka kitu. Wa pili vivyo hivyo. Nikaona nitaacha mizizi mibovu ndani, mchwa watakuja, basi nichimbe. Nikachimba wa tatu, wa nne, nikashika mwendo. Nachimba pembeni, nasukuma mpini, kitu kinakatika chini kwa mlio mdogo, krak, natoa, natupa kwenye rundo. Sikutazama nilichokuwa natupa. Hilo ndilo linalonirudia. Nilikuwa natazama mlangoni mwa shule, kama mlinzi ameamka.

Nilihesabu hadi 41, maana mwandishi wa kamati huhesabu hata anapofanya yasiyofaa.

Kisha nikasikia kikohozi. Nkambo alikuwa amesimama kwenye njia na koti lake la kijeshi lisilo na vifungo, kikombe cha chai mkononi. Hakuniuliza chochote kwanza. Aliinama kwenye rundo, polepole, mkono mmoja gotini, akachukua mche mmoja wa mulombwa. Akaugeuza kichwa chini. Kwa juu kulikuwa na kijiti chembamba kama kalamu, kimekufa. Kwa chini kulikuwa na mzizi mnene kama kidole gumba changu, na ulikuwa umekatika. Aliyejua umebaki urefu gani ardhini ni Mungu. Akaukwangua kwa kucha. Chini ya ngozi ya kahawia ulikuwa mweupe, umelowa, na pale ulipokatika palikuwa na wekundu unaonata. Akaushika mkono wangu, akanigusisha kidole pale. Ulikuwa wa baridi na umejaa maji. Wakati ule hakukuwa na kitu kingine kilicholowa maji mtaani kote.

"Mama, weye uko nafanya nini?"

Nikasema imekufa, Nkambo, wageni wanakuja.

"Haikufwa. Inalala." Akaonyesha urefu hewani kwa kiganja, chini kabisa, usawa wa kifundo cha mguu. "Mwaka huu iko hapa. Kesho kutwa iko hapa. Iko nafanya kazi kule chini kwanza. Miye nilikata miti miaka yangu yote, unafikiri ilirudi na nini?"

Nilisikia aibu ambayo hata sasa haina jina sawasawa. Nilikuwa ndiye niliyesoma. Nilikuwa nimefundisha watoto wa darasa la tano mchoro wa mzizi, na mshale, na neno "mzizi mkuu".

"Rudisha mu shimo," akasema, akaweka kikombe chake juu ya ukuta, akapiga magoti.

Tulirudisha yote 41 kabla kengele ya shule haijalia, mizizi mifupi, mingine imepasuka. Tukamwagia bidoni mbili ambazo mke mwenzangu wa kisima, jirani yangu yule, alikuwa ameziweka kwa kufulia. Nilimlipa baadaye kwa sabuni bila kueleza.

Wageni walifika. Walitembea kati ya vijiti kwa heshima kama watu waliokuja msibani wasiomjua marehemu. Wakapiga picha ya kibao. Hawakurudi, wala hawakuandika, na sidhani ingekuwa tofauti kama ningelala siku ile. Sijawahi kuwa na hakika.

Mvua zilipoanza, vijiti vikaanza kutoa machipukizi kutoka chini, mengine hata kutoka kwenye udongo mtupu ambapo hapakuonekana kitu. Kati ya ile 41, iliyorudi ni 6. Na hata ile iliyosalimika kiangazi kile, mulombwa iliendelea kufa na kufufuka miaka kadhaa kabla haijaamua kusimama. Watu wa misitu husema inaweza kufanya hivyo hata karibu miaka kumi. "Mara kumi" ile ya wino mwekundu bado ipo daftarini. Sijaifuta. Misitu ya Miyawaki kule kwao ni ya miti isiyopukutisha, mvua inanyesha takribani mwaka mzima. Hakuwahi kuniahidi mimi kitu. Wala sisemi njia yake ni mbaya, kimsitu kipo, ndege wapo, na mwaka jana tuliokota uyoga wa kujaza sahani moja. Nasema tu kwamba sisi tuliikopa njia yake pamoja na saa yake ya ukutani.

Lakini swali la mtoto lilikuwa la lile pengo.

Kamati ilipokaa Novemba na kuona upara pale katikati, kila mtu alinigeukia mimi na daftari langu. Nikafungua mdomo. Nkambo akatangulia. "Ni mchwa," akasema, bila kupepesa jicho. "Pale chini kuna njia ya mchwa. Bamekula mizizi yote." Na nani angebishana na Nkambo kuhusu mchwa, katika nchi hii ya vichuguu virefu kuliko nyumba? Niliandika: mchwa. Kwa mwandiko wangu, tarehe na sahihi.

Tulijaribu kupanda tena mara mbili. Haikushika, sasa miti ya pembeni imetanda juu na kuna giza. Na kwa kuwa kila mtu anajua ni mchwa, kuna mama mmoja wa avenyu yetu anayemwaga majivu ya makala pale kila Jumamosi, kwa moyo safi, miaka yote hii. Mara nyingine ni majivu ya jikoni kwangu. Bado napikia makala, ndiyo, msiniulize.

Nkambo alituacha mwaka juzi. Sikuwahi kumwuliza kwa nini alinifunika. Labda alinihurumia. Labda mtu aliyekata miti yote ile aliona 41 si namba ya kumwaibishia mtu. Au alitaka tu mkutano uishe, maana siku hiyo kulikuwa na munkoyo wa kunywa.

Jana jioni nilimkuta mwanangu amechuchumaa pale katikati, majivu hadi kwenye viwiko, anachimba kwa kijiti. Amewauliza wakubwa wa njia yetu, wamemjibu ni mchwa. Nikamwambia aache, atachafua nguo za shule.

"Nimechimba hadi huku, Mama," akanionyesha. "Hakuna mchwa hata mumoja."