Nilivyojenga msamiati wa Kiingereza cha chuo nikiwa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), bila kukremu dikshonari

Kuna mdogo wangu wa Kondoa kamaliza Fomu Siksi, anajiandaa kuja chuo, na kila akipiga simu swali ni lilelile, "dada, kile Kiingereza cha kwenye makala ulikiwezaje?" Bando langu linaishia kwake, so naandika mara moja na wengine wasome.

Kwanza tuelewane, siongelei mtu asiyejua kabisa. Naongelea sisi tuliosoma msingi kwa Kiswahili, Fomu Wani tukashtukia masomo yote ni ung'eng'e, tukasukumana hivohivo mpaka tukafaulu, maana ukishajua mtihani unavyokujaga na madesa unayo, unatoboa. Gazeti unaelewa, lekcha unafuata, stori za kawaida unapiga. Wenye mitihani ya lugha, kwenye kile kipimo chao cha kuanzia A1 hadi C2, hapo wanapaita B1 kuelekea B2, yaani katikati. Shida inaanza ukipewa makala ya jarida la kitaaluma, unasoma paragrafu mara tatu, kila neno kama unalijua hivi, ila ukiulizwa jamaa kasema nini, kimya.

Mi nilikuwa nasoma mambo ya mazingira na mwaka wa kwanza tu tukatupiwa makala za maji ya ardhini ya Makutupora, pale kaskazini mwa mji ambako Dodoma imekuwa ikichota maji miaka na miaka. Nikachukua penseli nikawa napiga mstari chini ya kila neno linalonikwamisha, bila kufungua dikshonari, nione tu kinachoniumiza ni nini hasa. Majibu yalinishangaza. Maneno ya fani kama aquifer na recharge hayakuwa tatizo, lekchara anayachora ubaoni, anayaelezea, anayarudia mpaka unayachoka. Yaliyopigwa mistari mengi yalikuwa ya katikati, derive, constitute, attribute, subsequent, constraint. Haya hayana mwenyewe! Ticha wa sekondari anajua utayakuta chuo, lekchara wa chuo anajua umetoka nayo sekondari, na wewe unaona aibu kunyoosha mkono kuuliza "constitute" mbele ya watu mia mbili.

Katika kutafuta tafuta ndo nikakutana na listi ya maneno ya kitaaluma (Academic Word List) ya Averil Coxhead wa Chuo Kikuu cha Victoria kule Wellington, New Zealand, aliyoitoa mwaka 2000. Yule mama alikusanya maandishi ya kitaaluma yenye maneno kama milioni 3.5, ya sanaa, biashara, sheria na sayansi, akayatoa yale maneno 2,000 ya kawaida ambayo Michael West alishayaorodhesha tangu 1953, afu akaangalia katika yaliyobaki ni yapi yanajirudia kwenye fani zote. Akabaki na familia 570. Nasema familia kwa sababu analyse inakuja na analysis, analyst na analytical, ukihesabu ndugu wote wanafika kama 3,000. Sasa sikia hii, hizo familia 570 zinabeba karibu asilimia 10 ya maandishi ya kitaaluma, ila kwenye hadithi za kubuni ni asilimia 1.4 tu. Ndo maana unaweza kusoma riwaya za Kiingereza mwaka mzima na bado makala ikakutoa jasho, na ndo maana ushauri wa "soma sana novo" mi huwa nauona nusu nusu.

Hosteli tulikuwa na jamaa anakremu dikshonari kuanzia A. Kijana wa watu alikuwa anajua abdicate na aberration, ila hayo maneno utayatumia wapi na lini, mfalme gani wa Dodoma anajiuzulu? Ile listi mi sikuikremu pia. Niliifanya chujio. Neno nililopigia mstari likiwa kwenye listi linatengenezewa kadi, lisipokuwepo linapita, labda nilikute tena na tena kwenye makala zingine. Neno zuri zuri kama parched likitokea mara moja, kwaheri. Listi yenyewe imepangwa makundi kumi, la kwanza ndo yanayotokea zaidi, kwa hiyo ukiwa na muda mdogo anzia pale.

Kadi zilikuwa za manila, unanunua shiti moja kwa wauza stationery unaikatakata vipande vya kutosha kiganjani. Mbele siandiki neno, naandika sentensi kutoka kwenye makala niliyosoma na kuacha pengo. Mfano mmoja ulikuwa unahusu mvua zetu hizi za msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi: "Rainfall is ______ to a single season." Nyuma ndo kuna jibu, confined, afu chini yake naandika confined to, confined within, confinement. Maana ya Kiswahili nilikuwa naweka kwa penseli kwenye kona, ndogo, kama lazima tu. Ukisoma ile sentensi unaikumbuka makala, unakumbuka na mvua yenyewe, neno linakuwa na pa kukaa.

Kuzipitia nilitumia njia ya Mjerumani mmoja, Sebastian Leitner, aliyeieleza miaka ya 1970. Una viboksi, mi vyangu vilikuwa vya biskuti. Kadi mpya inakaa boksi la kwanza unaipitia kila siku, ukiipata inahamia la pili ambalo unalipitia mara chache zaidi, na kuendelea, ukiikosa inarudi mwanzo hata kama ilishafika mbali. Inauma kuirudisha ila ndo dawa. Boksi la kwanza nilikuwa nalibeba kwenye pochi, daladala ya kutoka chuo hadi Sabasaba inatosha kulimaliza. Kuna programu ya Anki inafanya kazi hiyohiyo kwenye simu na Android ni bure, wanaoipenda waitumie, ila mi naona ile kuandika kwa mkono yenyewe ilikuwa nusu ya kujifunza, na manila haiishi chaji.

Kitu ambacho watu wanakiruka ni kujua maneno yanatembea na nani. Sisi tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga chafya, mgeni akisema "nafanya pasi" tunamwelewa ila tunacheka kimoyomoyo. Na wao wana yao, utafiti wana-conduct au carry out, tishio lina-pose, hitimisho wana-draw au reach. Kwa hiyo nyuma ya kila kadi ya nomino lazima kuwe na kitenzi chake, na ya kitenzi kuwe na kihusishi chake kama kipo. Hapa ndo Watanzania wengi tunapotoa damu, tunaandika "discuss about" na "emphasize on" kwa sababu kichwani kuna kujadili kuhusu na kusisitiza juu ya, afu tunaongeza s kwenye research, evidence na equipment. Mtu anaweza kujua maneno elfu kumi na ripoti yake bado ikasomeka kama ya Fomu Tu kwa ajili ya hivyo vitu vitatu vinne.

Kusoma kwenyewe nilikuwa nang'ang'ania mada moja. Yaani badala ya leo maji, kesho siasa za Ulaya, keshokutwa afya, nasoma makala tano sita za ukame na maji tu. Ya kwanza inakutesa, ya pili nafuu, ikifika ya nne maneno ni yaleyale yanajirudia bila wewe kuyatafuta. Afu nikimaliza naifunika makala, nachukua kadi chache za siku hiyo, naandika sentensi nne tano za kueleza mwandishi kasema nini, na lazima zile kadi zitumike. Bila hii hatua utabaki unaelewa ukisoma lakini mkononi hayatoki. Rafiki yangu mmoja wa kozi ya lugha alikuwa anapitia na kalamu nyekundu, malipo ni chipsi za Ng'ong'ona bumu likiingia. Matamshi niliyasikiliza kwenye dikshonari za bure za intaneti za wanaojifunza, ile ya Oxford inakuonyesha kabisa neno ni levo ya B2 au C1, hiyo nayo inasaidia kuamua la kubeba na la kuacha.

Kiingereza cha kawaida nacho usikitupe, makala si maisha yote. Nilikuwa nasoma tahariri za Daily News na The Citizen, na usiku redio, BBC ya Kiingereza, hata nikipika. Paul Nation, mtafiti wa msamiati, naye wa Wellington hukohuko, mwaka 2006 alikadiria kwamba kusoma riwaya na magazeti bila msaada inahitaji familia 8,000 mpaka 9,000, kwa hiyo zile 570 hazimalizi safari.

Mpaka leo vile vitenzi vya kuungaunga vinanisumbua, put up with, put off, put down, mzungu anabadilisha kineno kimoja mwisho na maana yote inahama. Hivyo nimevifungulia boksi jipya. Na wewe mdogo wangu usiniombe zile kadi za zamani, zipo huku Nkuhungu ila ni za makala zangu, hazitakusaidia. Manila nitakununulia, makala utaleta mwenyewe.