Kiwanja kisicho na masale

Jumamosi ile jioni, nyumbani Kibosho, baba alivaa miwani akausoma mkataba wangu ukurasa kwa ukurasa, kidole kikitembea chini ya kila mstari, kama alivyozoea kukagua daftari za mizani alipokuwa karani wa chama cha msingi cha kahawa. Chai ikapoa mbele yake. Alipomaliza akaniuliza, "Mwanangu, masale ya kiwanja hiki yamepandwa wapi?"

Kwa msiotoka Uchaggani: masale ndiyo mmea unaoonyesha mpaka wa kihamba chako, yaani shamba la urithi la ukoo, na cha jirani. Na mimi nilikuwa nimefika nyumbani nikitangaza kwamba nimenunua sehemu Florida, Marekani.

Nilichonunua ni taimusheya. Unalipia haki ya kukaa wiki moja kila mwaka katika nyumba ya mapumziko, na wiki nyingine 51 ni za watu wengine. Tulipitia Orlando, hukohuko Florida, mimi, mke wangu na watoto kabla ya kupanda ndege ya kuja kula Krismasi Moshi. Pale hotelini dada mmoja mchangamfu alitupa tiketi za nusu bei za kwenda kwenye michezo ya watoto, sharti tukasikilize maelezo ya dakika 90 pamoja na kifungua kinywa. Dakika 90 zikawa saa tano. Tulipomkatalia muuzaji wa kwanza akaja wa pili na bei ya chini zaidi, na bei hiyo ni ya leo tu, ukitoka mlangoni imekwisha. Wa tatu hakutaja bei kabisa. Alituuliza kwetu ni wapi, wazee wetu wanatuachia nini. Nikamweleza habari za kihamba. Akasema na hiki ni cha kuwaachia watoto, kizazi hadi kizazi. Pale nikashika kalamu. Miaka 14 nimeishi Houston nikipanga nyumba, nikiota kuwa na kitu cha kuwaachia wanangu, na mtu yule alikigusa kidonda hicho bila kupapasa.

Bei ilikuwa dola 23,400. Tulilipa 2,340 kwa kadi palepale, zilizobaki tukaandikiwa mkopo wa miaka 10. Juu yake kuna ada ya matengenezo, dola 1,180 kwa mwaka, na mkataba unawaruhusu kuipandisha. Mwisho wa mkataba haukuandikwa, kwa sababu haupo.

"Kihamba alichoniachia babu yako hakijaniandikia barua ya kunidai hata siku moja," baba alisema. "Ndizi natoa humo, kahawa natoa humo. Hiki, hata usipokanyaga unadaiwa. Ukifa, deni linaweza kuwafuata hawa wajukuu zangu. Huo ni urithi gani?"

Sikuwa na jibu. Lakini kidole chake kilikuwa kimesimama juu ya maandishi meusi mazito, jirani kabisa na saini yangu, maandishi ambayo kule Orlando yalifunuliwa haraka mbele yetu. Sheria ya Florida inamlazimisha muuzaji kuyaweka pale: mnunuzi anaweza kuvunja mkataba bila adhabu ndani ya siku 10 tangu aliposaini, au tangu alipopokea karatasi ya mwisho anayostahili kupewa, ipi iliyo ya baadaye. Ni siku za kalenda, Jumapili inahesabiwa na sikukuu inahesabiwa. Taarifa lazima iwe ya maandishi, na inahesabika tangu siku ilipotumwa. Ukisainishwa karatasi kwamba umeiacha haki hiyo, karatasi hiyo ni batili.

"Ulisaini lini?" Jumamosi iliyopita. Akahesabu kwa vidole. Mwisho ulikuwa Jumanne.

Barua niliiandika Jumapili baada ya misa. Sentensi tatu tu: sisi wawili tunavunja mkataba namba fulani, tuliosaini tarehe fulani, tunaomba turudishiwe fedha zetu zote. Sikueleza sababu, kwa kuwa sheria haiitaki, na sababu ndiyo mahali wanapopata pa kukushikia. Shida ilikuwa saini. Tulisaini wawili, na mke wangu alikuwa Arusha kwao, Njiro. Jumatatu alfajiri nikachapisha nakala nne steshenari jirani na stendi ya Moshi, nikapanda Coaster. Kilomita 80 hivi, lakini siku ile Boma Ng'ombe ilionekana haiishi, na Tengeru ilikuwa siku ya foleni. Bahasha niliipakata kama mtoto mchanga.

Tulikutana posta, pale penye mnara wa saa. Mke wangu akasaini juu ya kaunta, tukatuma kwa EMS, huduma ya posta ya barua za haraka, na nikamwomba mhudumu agonge muhuri wa tarehe usomeke vizuri. Aligonga mara mbili. Tukaipiga picha barua, tukaituma kwa baruapepe kwa kampuni na kwa shemeji yangu Houston. Kule wako nyuma saa tisa, kwa hiyo alikuwa na siku nzima mbele yake. Akachapisha, akaituma kwa barua ya rejista yenye hati ya kuthibitisha kupokelewa. Nilitaka muhuri wa posta ya Marekani pia, wasipate mlango wa kubishania.

Walipiga simu mara sita wiki ile. Sikupokea. Mwenye barua hana haja ya simu, na kila mazungumzo yangekuwa ofa mpya. Sheria inawapa siku 20 kurudisha fedha, na zilirudi kwenye kadi Januari, kabla hatujafunga mabegi.

Naandika kwa sababu katika vyumba vile vya mauzo nimewaona Wakenya, Waganda na ndugu zetu wengine wakiingia na watoto wao. Ukisaini jimbo la Nevada, una siku 5 tu. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya ni siku 14, na ndani ya siku hizo muuzaji haruhusiwi kuchukua hata malipo ya awali.

Aliyepitwa na siku, tafadhali, usimlipe anayekupigia simu na kuahidi kukutoa kwa fedha za mbele. Rafiki yangu wa Rombo alilipa dola 4,000, na namba ile haijapatikana tena. Anza na kampuni yenyewe, uliza kwa maandishi kama inapokea wiki kurudishwa, hasa kama mkopo umekwisha. Usitegemee kuuza, wiki nyingi huishia mtandaoni kwa dola moja na bado hazina mnunuzi. Na usiache tu kulipa kabla hujazungumza na mwanasheria wa jimbo husika, maana deni likipelekwa kwa wakusanyaji linachafua rekodi yako ya mikopo.

Baba aliniomba ile risiti ya EMS, akaiweka kwenye bati lenye stakabadhi zake za kahawa. Kesho yake asubuhi alimchukua mwanangu wa miaka tisa wakazunguka mpaka wa kihamba, sale baada ya sale, mtoto akihesabu kwa Kiingereza na babu akimrudisha kwenye Kiswahili.