Nilikwenda Kingston kwa Ajili ya Sista Ignatius

Wengi wanaofika Kingston, Jamaika, kwa ajili ya muziki huenda moja kwa moja Hope Road, kwenye nyumba aliyoishi Bob Marley. Mimi nilikuwa na anwani nyingine: namba 26, South Camp Road, iliyokuwa Shule ya Wavulana ya Alpha. Hapo ndipo alipofanya kazi Sista Mary Ignatius Davies, mtawa wa Shirika la Masista wa Huruma, tangu mwaka 1939 hadi alipofariki Februari 2003. Miaka zaidi ya 60, mahali pamoja, na wavulana wa aina ileile: yatima, maskini, na wale ambao mahakama au wazazi walishindwa nao.

Mimi ni mpiga tromboni, ala ya shaba inayobadili sauti kwa kuvuta mrija, wa bendi ya parokia. Kila nilipofuatilia historia ya wapiga tromboni wa Jamaika, nilikuta karibu wote wakubwa walipita katika geti hilo moja. Nilitaka kuelewa iliwezekanaje. Nchi ile ni ndogo, Wakatoliki wake ni wachache, halafu nusu ya muziki wake wa karne iliyopita inaonekana kuanzia kwenye uwanja wa masista.

Uwanja wa ndege wa Kingston umejengwa juu ya ukanda mwembamba wa nchi kavu uitwao Palisadoes, bahari upande huu, bandari upande ule. Teksi ilizunguka ghuba hadi Harbour View, tukapita Rockfort penye kiwanda cha saruji, na mkono wa kulia vikasimama vilima vya Wareika. Dereva alikuwa mzee mwenye rasta zilizojaa mvi. Nilipomwambia naenda Alpha alizima redio. "Kwa Sista Iggy," akasema, ingawa Sista mwenyewe alishafariki miaka mingi. Kisha akanionyesha vilima vile kwa kidole. Huko Count Ossie na wapiga ngoma wake wa Kirastafari walikuwa na kambi, na vijana waliotoka Alpha, Don Drummond na Rico Rodriguez miongoni mwao, walipanda huko na tromboni zao kupiga hadi usiku wa manane. Nilishalisoma jambo hilo, lakini kulisikia kutoka kwa Mrasta aliyelitaja jina la mtawa kwa heshima ile kulinigusa sana.

South Camp Road ni barabara yenye pilikapilika, vumbi na honi. Ukishaingia ndani ya uzio mambo yanatulia. Kuna miti mikubwa, majengo ya chini, kiwanja, na ukigeuka kaskazini unaiona milima ya Blue Mountains. Historia ya mahali hapa inaanza mwaka 1880, pale Jessie Ripoll, mwanamke Mkatoliki wa Kingston, aliponunua kiwanja hiki pamoja na wenzake wawili ili walee watoto wa kike yatima. Wavulana walifuata baadaye. Mwaka 1890 Masista wa Huruma walifika kutoka Bermondsey, London, na Ripoll akajiunga nao, akawa Sista Mary Claver. Miaka miwili baadaye wavulana walikuwa na bendi ya ngoma na filimbi. Ala za shaba zilikuja mwaka 1908.

Tarehe hizo zilinifanya nifikirie kwetu. Katika miaka hiyohiyo ya 1890, vijana wa Freretown pale Mombasa walikuwa wakipiga ala za shaba kwenye bendi ya misheni, na muda si mrefu pwani nzima ilikuwa na ngoma ya beni, watu wakishindana kwa sare, gwaride na tarumbeta. Bendi hizo zilianzishwa huku na kule kwa ajili ya nidhamu na ibada. Watu wakazichukua wakazichezea. Mtu wa Lamu au wa Tanga akikaa Alpha dakika kumi tu ataelewa kinachoendelea.

Jambo ambalo sikulitegemea ni nafasi ya muziki katika shule yenyewe. Nilidhani ulikuwa burudani, au zawadi ya wenye tabia njema. Hapana. Alpha ilifundisha ufundi: kuchapisha, kushona, useremala, kutengeneza viatu, kilimo. Muziki ulikuwa mmojawapo wa ufundi huo, umepangwa sawa na cherehani na randa. Kijana alijifunza kusoma noti ili akitoka apate kazi kwenye bendi ya jeshi au kwenye bendi za hoteli na kumbi za dansi za Kingston, ambako asiyeweza kusoma karatasi aliyowekewa mbele hakupata mshahara. Naamini hapa ndipo siri ilipo. Watu hupenda kusema kwamba vijana wale walikuwa na vipaji tu. Vipaji viko kila mtaa wa kila mji. Lililokosekana mitaa mingine ni mtu wa kumwambia mtoto wa miaka kumi kwamba hii ni kazi, amka, anza upya kutoka mstari wa kwanza.

Niliruhusiwa kukaa nyuma ya chumba cha bendi wakati wa mazoezi. Viti vya plastiki, ubao wenye mistari mitano ya muziki, kesi za ala zimerundikwa ukutani. Ala nyingine zilikuwa na mabonde ya kuanguka na mikono mingi. Kijana mmoja aliyekaa karibu nami alitoa kipulizio cha tromboni yake, akakipuliza chenyewe bila ala, sauti kama ya bata, akasikiliza, akakipuliza tena hadi ikatulia. Ndipo akakirudisha. Kisha akavuta mrija taratibu kutoka nafasi ya kwanza hadi ya saba, akishusha nusu toni kwa nusu toni. Mwalimu hakutazama mkono wake. Alikuwa amempa mgongo, anafuta ubao. Kijana alipofika nafasi ya nne, mwalimu akasema bila kugeuka, "Umezidisha." Kijana akarudisha mrija kidogo, pengine upana wa ukucha. "Hapo."

Baada ya mazoezi nilimwambia mwalimu kwamba sijawahi kuona mtu akisahihisha tromboni kwa mgongo. Akasema ndivyo walivyofundishwa waliomfundisha yeye: Sista alitaka masikio kwanza.

Sista Ignatius mwenyewe alizaliwa mwaka 1921 Innswood, jimbo la St Catherine, akasoma kwenye shule ya wasichana ya masista hawahawa. Kufundisha ala kila siku ilikuwa kazi ya viongozi wa bendi: Ruben Delgado, baadaye Lennie Hibbert, baadaye tena Winston Martin anayeitwa Sparrow. Hibbert na Martin wote wawili walikuwa wavulana wa Alpha kabla ya kuwa walimu wake. Kazi ya Sista ilikuwa kusikiliza na kusikilizisha. Alikusanya santuri nyingi: jazi, muziki wa Kilatini, klasiki, bluzi, na kila kilichotoka mtaani Kingston. Miaka ya 1960 aliinunulia shule mitambo ya muziki ya Mutt and Jeff, mojawapo ya sound system (disko za mitaani zenye spika kubwa) zilizokuwa zikipiga mjini, akawa anasimama nyuma ya gramafoni akiwa amevaa vazi lake la kitawa, anawawekea wavulana santuri moja baada ya nyingine. Alikuwa mtu wa umbo dogo. Alipenda ndondi, kriketi na mpira, na alicheza domino na wavulana wake.

Nilijaribu kuwaza maana ya hilo kwa mtoto aliyeletwa hapa hajui kesho yake. Anapewa tarumbeta asubuhi. Jioni anasikia santuri ya mtu mweusi mwenzake wa New York akipuliza tarumbeta ileile, na anayemsikilizisha ni mtawa anayeipenda kweli. Hahitaji kuambiwa kwamba inawezekana.

Orodha ya waliotoka hapa ni ndefu. Joe Harriott alikwenda Uingereza mwaka 1951, akawa miongoni mwa wapiga jazi wa kwanza Ulaya waliotafuta njia yao nje ya kanuni za kawaida. Dizzy Reece alipiga tarumbeta London, Paris na New York. Harold McNair alipiga filimbi na saksafoni. Bendi ya Skatalites, ya muziki wa ska uliotangulia rege, ilipoundwa mwaka 1964, wanne kati ya waanzilishi wake walikuwa wavulana wa Alpha: Tommy McCook, Lester Sterling, Johnny "Dizzy" Moore na Don Drummond. Huyu Moore hakuwa hata mtoto mtundu. Alipenda muziki mno, akafanya ukorofi makusudi nyumbani ili wazazi wake wampeleke Alpha. Rico Rodriguez naye alifundishwa tromboni hapahapa, na aliyemfundisha alikuwa mwanafunzi mwenzake aliyemtangulia, Drummond. Wakubwa waliwafundisha wadogo, na ndiyo maana mlio wa tromboni ya Alpha unautambua mara moja: mzito, wenye huzuni, hauharakishwi.

Juu ya Drummond sitaki kupita haraka. Kwangu yeye ndiye mpiga tromboni mkubwa kuliko wote waliozaliwa Jamaika. Alikuwa mgonjwa wa akili. Mwanzoni mwa Januari 1965 alimuua mpenzi wake, mcheza dansi Anita Mahfood aliyejulikana kwa jina la Margarita, akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Bellevue, akafia huko Mei 1969. Masimulizi mengi ya muziki wa ska yanamlilia Drummond na kumtaja mwanamke yule kwa nusu sentensi. Margarita alikuwa msanii kwa haki yake, na alikuwa miongoni mwa waliowaleta wapiga ngoma wa Count Ossie kwenye majukwaa ya mjini. Alpha ilimpa Drummond ufundi. Kingston ya wakati ule haikuwa na tiba ya kumpa, na mwanamke huyo ndiye aliyelipa gharama.

Bweni la Alpha lilifungwa mwaka 2014. Sasa vijana huja asubuhi na kurudi kwao jioni, mahali panaitwa Alpha Institute, na bado wanafundisha muziki pamoja na ufundi mwingine, ukiwemo uchapishaji wa fulana. Nilimwuliza mwalimu kama kufungwa kwa bweni kumebadilisha mlio wa bendi. Alifikiri kidogo, akasema zamani mtoto alilala, akaamka na kula akisikia ala zinapigwa, sasa ana saa chache tu, kwa hiyo inabidi mwalimu apange saa hizo vizuri. Sikusikia malalamiko katika sauti yake.

Jumapili nilikwenda Misa kwenye Kanisa Kuu la Utatu Mtakatifu, North Street, lenye kuba kubwa, lililojengwa baada ya tetemeko la 1907 kuliangusha lile la kwanza. Ndani, kuta zimejaa michoro ya rangi hadi darini. Waimbaji walikuwa wachache na waliimba vizuri.

Kabla ya kuondoka nilirudi Alpha kumwomba mwalimu kitu kimoja: utaratibu wa mazoezi ya kila siku ya kijana anayeanza. Aliniandikia kwa mkono kwenye ukurasa wa daftari. Kipulizio peke yake. Noti ndefu, moja moja, pumzi hadi iishe. Ngazi polepole, kwanza kwa kuimba, ndipo kwa ala. Kusoma ukurasa ambao hajawahi kuuona. Kusikiliza rekodi moja kisha kusema ala zilizomo kwa mpangilio zilivyoingia. Mwishoni kabisa, wimbo.

Niliupiga picha ukurasa huo nikamtumia mwalimu wa bendi yetu nyumbani. Alijibu usiku uleule akiuliza wanafundisha kwa solfa (do, re, mi) au kwa noti za mistari. Nikamwandikia: za mistari, tangu siku ya kwanza, lakini wanaziimba kabla ya kuzipiga. Akasema ataanza na wale wadogo wa tarumbeta Jumamosi.