Ninavyokadiria nauli ya teksi ya simu kabla mama hajatoka Malindi

Mama huenda Nairobi kwa treni ya usiku, na mpangaji wa safari ni mimi. Nauli ya matatu kutoka Malindi hadi Mombasa twaijua, na tikiti ya treni hiyo ya SGR ina bei yake. Kilichokuwa kikitusumbua ni kipande cha katikati, teksi ya programu kutoka Mwembe Tayari hadi stesheni ya Miritini. Njia ni ile ile, bei kila mara nyingine.

Nikaanza kuweka risiti. Nauli hizi huwa na fedha ya kuanzia, ya kilomita na ya dakika, na pia kiwango cha chini ambacho utalipa hata ukishukia kona ya pili. Dakika ndizo zilizonifumbua macho. Namba hizi ni za mfano tu. Alfajiri, kilomita 12 kwa dakika 25 ni shilingi 524. Jioni, kilomita zizo hizo kwa dakika 55 ni 644. Tofauti ni shilingi 120 kwa dakika 30, basi kila dakika ni shilingi 4. Sasa tafuta risiti ya safari fupi, tuseme kilomita 4, dakika 10, shilingi 248. Toa gharama ya dakika kwenye risiti ya alfajiri na kwenye hii fupi: zinabaki 424 na 208. Tofauti yake, 216, igawe kwa kilomita 8 zilizozidi, utapata 27 kwa kilomita. Kinachosalia ukitoa na gharama ya kilomita, shilingi 100, ndicho cha kuanzia.

Tangu hapo mama nampa pesa kwa hesabu ya foleni ya jioni. Programu ikionyesha bei iliyozidi hesabu yangu kwa mbali, najua wateja ni wengi kuliko magari, labda kwa mvua. Kama muda upo, namwambia asubiri kidogo tuangalie tena.

Hesabu hii pia hunisaidia dereva akipiga simu kuomba nyongeza. Kanuni za mwaka 2022 za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ziliwekea makato ambayo kampuni ya programu humkata dereva ukomo wa asilimia 18. Kwa nauli ya 644, makato yakifika hapo, dereva hubaki na kama 528, na mafuta bado hajatoa. Kwa hiyo bei ya programu ikiwa chini ya niliyokadiria, namwongezea ifike pale. Ikiwa imeshafika, namkatalia kwa upole, na mama hutafuta gari jingine.