Nilivyoisalimu Juno usiku wa Uhuru

Tarehe 9 Oktoba 2013, wakati Jinja nzima inasherehekea Uhuru wa Uganda, mimi nilikuwa juu ya bati nafunga waya wa antena ya redio. Waya wenyewe mita 5 tu, umekatwa katikati, upande mmoja umefungwa kwenye paa na mwingine kwenye mwembe. Kwa masafa ya megahezi 28 huo unatosha kabisa.

Chombo cha NASA kiitwacho Juno, kilichorushwa Agosti 2011 kwenda sayari ya Mshtarii (Jupita), kilikuwa kinarudi kupita jirani na Dunia, kwa sababu roketi yake haikuwa na nguvu ya kukifikisha kule moja kwa moja. Mvuto wa Dunia ungekiongezea kasi ya kilomita 7.3 kwa sekunde. Saa 4:21 usiku kingekuwa kilomita 559 tu juu ya bahari, pwani ya Afrika Kusini. Kukiona kutoka Jinja haiwezekani. Lakini sisi wa redio za ridhaa, yaani tunaorusha mawimbi kwa mapenzi tu, dunia nzima, tulialikwa kukisalimu kwa Morse, ile lugha ya nukta na mistari: H na I, nukta sita. Kila nukta sekunde 30, kwa kuwa kifaa chake cha kusikiliza mawimbi hakikuundwa kunasa Morse ya haraka.

Hapo ndipo penye kazi. Lazima wote tubonyeze pamoja na tuachie pamoja. Alasiri nilipoilinganisha saa ya ukutani na milio ya BBC, nikakuta imechelewa nusu dakika! Ningebonyeza wenzangu wakinyamaza, na kunyamaza wao wakibonyeza. Kosa hilo lingeniuma hadi leo.

Saa tatu usiku tukaanza. Mama Zawadi alishika saa na tochi, akisema "bonyeza, Baba Zawadi... achia." Salamu ilirudiwa kila dakika kumi hadi saa 5:40. Umeme ulikatika katikati, ila redio nilikuwa nimeiunga kwenye betri ya gari tangu mwanzo, na hilo namshauri kila mtu.

Desemba wanasayansi wakatangaza: Juno ilisikia. Sauti zetu, watu zaidi ya elfu moja, zilikuwa zimeungana kuwa moja, yangu huwezi kuichambua humo. Nilimwekea Mama Zawadi ile rekodi. Akasikiliza kimya, kisha akasema, "Irudie."