Waridi jekundu lisilotaka kubembelezwa

Watu wengi wanaogopa mawaridi na nawaelewa, maana yale ya mashina marefu yanataka dawa kila mara, ukizubaa tu majani yanaingia madoa meusi yanakuwa njano yanapukutika unabaki na fimbo za miiba. Ila hili jekundu la kichaka linaloitwa Knock Out ni habari nyingine kabisa aisee.

Limetolewa na Mmarekani mmoja, William Radler, likaingia sokoni mwaka 2000. Yani jamaa alikuwa anaokota majani yenye ugonjwa wa madoa meusi, anayakausha, anayasaga, unga wake anaimwagia miche yake makusudi, mche ukiugua anautupa. Roho ngumu, lakini ndo maana hili halina shida na madoa.

Sasa usisikie halisumbui ukalichomeka chini ya mwembe! Linataka jua masaa 6 kwa siku au zaidi, kwenye kivuli linarefuka tu na maua ya kuhesabu. Na maji yasituame. Mwagia shinani, asubuhi ndo vizuri, sio juu ya majani, kwa sababu ukungu unaoleta hayo madoa unahitaji jani libaki na maji masaa kadhaa ndo uingie. Samadi iliyooza vizuri inatosha, na acha nafasi kama mita moja maana linatanuka karibu sawa na urefu wake. Maua yaliyonyauka yanadondoka yenyewe, huna haja ya kuzunguka na mkasi kila siku. Kupogoa ni mara moja kwa mwaka kabla halijachipua upya, punguza bila huruma, litarudi tu. Harufu sasa, hapo msitegemee kitu, ni ya kutafuta.

Kinacholimaliza ni virusi vya rozeti, vimesumbua sana Amerika Kaskazini, vinasambazwa na utitiri mdogo mno ambao unapeperushwa na upepo, na tiba hamna. Utaona machipukizi yamesongamana kama ufagio, miiba imezidi, maua yamepinda. Hapo usijidanganye eti unakata tawi moja, ng'oa lote na mizizi yake, funga kwenye mfuko, tupa. Ila usije ukang'oa lisiloumwa kwa presha, machipukizi machanga ya waridi hili huwa na wekundu kidogo, yakikomaa yanageuka kijani. Yasipogeuka, na miiba ikawa imejaa kupita kawaida, ndo uchukue jembe.