Matusi kwenye karatasi za A4

Juzi binti wa kaka yangu, yuko kidato cha pili, aliniuliza: "Shangazi, ukitukanwa kwenye grupu unajitoa au unakaa?" Sikumjibu palepale. Mawazo yalikuwa yameshanirudisha Mwanjelwa, Mbeya, mwaka ule wa stika.

Wa siku nyingi hapa mnaijua habari ya rambirambi. Nilikuwa mweka hazina wa grupu letu la watu wa nyumbani, mtu akaandika kwamba nimekula michango ya msiba. Nikaweka miamala yote, kila jina na kiasi chake. Nani asome? Kesho yake picha yangu ya kicheni pati ilikatwa kikabaki kichwa, ikageuzwa stika: MLA RAMBIRAMBI. Ikatembea grupu kwa grupu mpaka la wazazi wa darasa la mwanangu. Halafu usiku yakaanza matusi ya nguoni kwa namba ngeni, na vitisho kwamba mtumaji anajua ninaposhukia bajaji pale Kabwe.

Afande wa Dawati la Jinsia la polisi, mwanamke mpole, alinielekeza nisifute kitu na nisimjibu. Nipige skrinshoti zinazoonyesha namba, tarehe na saa, nizichapishe, nimletee. Laini zinasajiliwa kwa alama za vidole, akasema, mwenyewe atapatikana.

Ilikuwa Julai, na mnaijua Julai ya Mbeya. Mlima Loleza hauonekani kwa ukungu, kijana wa stesheneri amevaa mzula mpaka kwenye nyusi. Mbele yangu kulikuwa na mwanachuo na ripoti yake ya fildi, nyuma mzee aliyetaka kopi ya cheti cha kuzaliwa. Nikamtumia kijana zile picha. Printa ikakoroma, ikatema ya kwanza: uso wangu, mkubwa kuliko nilivyowahi kuuona kwenye simu, hereni zangu nyekundu zimekuwa nyeusi tii. Ikafuata ya pili. Mwanachuo akaanza kunyoosha shingo.

Kijana hakusema kitu. Alizikusanya karatasi akazilaza kifudifudi, akaweka kibodi juu yake, kisha akasimama katikati ya printa na foleni, mgongo kwa watu. Kila karatasi iliyotoka aliipokea kwa mkono na kuigeuza. Alipofika kwenye ile mbaya kuliko zote aliniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, na hii?" Nikamwambia hiyo hasa. Akazitia zote kwenye bahasha ya kaki, akaipiga pini mdomoni, akanikabidhi kwa mikono miwili. "Pole sana, dada." Karatasi zilikuwa bado za moto. Watu wangapi walikuwa wameniambia achana nao, ni mambo ya mtandaoni tu! Yule mtoto wa watu ndiye wa kwanza kuyaona yote kwa pamoja, na hakuniambia niachane nayo.

Mwenye namba alipatikana. Ni mtu tuliyekula naye sahani moja. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inasema faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Aliposomewa hayo alituma wazee nyumbani. Mama akasema yaishe, yakaisha. Sijui ningekaza ingekuwaje.

Ila kuna jambo halijaisha. Chini ya ile stika, kwenye karatasi zilezile, kuna majina ya walioweka vikatuni vya kucheka. Kifungu kinamshika aliyetuma, hakimshiki aliyecheka. Mmoja wao hukutana nami sokoni, ananisalimia kwa Kinyakyusa, "Ugonile", kwa bashasha, nami namwitikia. Majina yale yananiuma kuliko matusi yenyewe. Mama anasema na hao niwasamehe. Hawajaniomba.